Kungoja Mwanga Ukingoni mwa Newala

Mume wangu alianguka akiwa kazini, mbele ya mteja. Ilikuwa asubuhi, studioni kwetu Masasi, na mteja alikuwa mwalimu aliyekuja kupiga picha za pasipoti. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikata picha za jana yake. Nilimsikia mume wangu akimwambia mwalimu ainue kidevu kidogo, halafu akamwambia tena, na aliposema kwa mara ya tatu hayakuwa maneno. Nilipotoka nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kile kitambaa cha bluu cha ukutani, kamera ameikumbatia kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alikuwa bado kwenye kigoda, kidevu juu, maana hakuna aliyekuwa amemwambia akishushe.

Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, na huko wakatuambia ni kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Aliporudi nyumbani aliweza kukaa, kusimama akishikwa, na kusema neno mojamoja. Maneno mengine yalitoka mazima, mengine yaligoma kabisa. Tangu tulipopata mtoto wa kwanza alikuwa akiniita mama fulani, kwa jina la mtoto huyo, kama mtaa mzima unavyoniita. Jina hilo likawa miongoni mwa yaliyogoma. Akawa ananiita "wewe".

Kuanzia hapo nilikuwa na kazi mbili, na zote zilianza kabla ya jua. Nilimnyoosha mkono na mguu kama tulivyofundishwa hospitalini, nikamwosha, nikamlisha uji, nikambadilisha nguo, ndipo nikafungua studio. Jumamosi kulikuwa na harusi, Jumapili kipaimara au picha za kwaya, na katikati ya wiki kulikuwa na misiba, maana siku hizi ndugu wanataka picha ya maziko pamoja na ile kubwa ya marehemu yenye fremu. Mara nyingi niliondoka harusini watu wakianza kula, nikakimbia nyumbani kumgeuza ubavu, nikarudi wakikata keki. Kina mama wa kanisani walinisaidia sana miezi ya mwanzo. Walikuja na unga, kuni, na sabuni, wakaketi naye nikipata nafasi ya kufua. Baadaye wakapungua, nami sikuwalaumu, kila mtu ana shamba lake na wagonjwa wake. Watoto wetu wote wako mbali, walipiga simu. Aliyeniuliza hali nilimjibu kuwa tunamshukuru Mungu, na huo haukuwa uongo, ila haukuwa jibu.

Sasa niseme kuhusu ule mwanga.

Mume wangu aliishi kwa picha za watu, lakini moyo wake haukuwa kwa watu. Alipenda mawe. Anayeijua Masasi anaijua kwa ile milima yake ya mawe matupu, inayochomoza katikati ya mashamba kana kwamba imedondoshwa. Wengi wetu tuliozaliwa chini yake hatuitazami. Yeye aliitazama kila jioni. Alisema kuna dakika chache, jua likishuka chini ya wingu na kabla halijazama, ambapo jiwe linawaka rangi ya shaba na huku nyuma yake mbingu ni nyeusi kama chungu. Alizingoja dakika hizo ujana wake wote. Alifunga studio mapema, akapanda huko na stendi ya kamera begani, akarudi gizani na miiba kwenye suruali. Mara nyingi alirudi bila picha. Mimi nilikuwa na watoto wadogo wakati huo, na chakula kilichokwisha kupoa, na sikumwuliza ameona nini.

Picha zenyewe alizitundika studioni. Wateja walizipita wakaenda kusimama mbele ya pazia letu lenye maporomoko ya maji na ndege za Ulaya. Mmoja aliwahi kuuliza kwa heshima kabisa kama hayo ni machimbo ya kokoto.

Picha moja hakuwahi kuipata. Aliiona akiwa kijana, kwao Newala, upande wa kaskazini wa wilaya, kule Mnyambe, ambako uwanda wa Makonde unakatika ghafla na ardhi inateremka kwa makorongo mekundu hadi tambarare ya chini. Mwezi wa sita jua huzama upande wa Masasi. Aliniambia kwamba jioni moja, kabla hajajua hata kushika kamera, alikuwa anarudi na mzigo wa kuni, jua likachungulia chini ya wingu, na makorongo yote yakawaka kwa mara moja, mpaka akatua kuni zake chini. Alirudi pale miaka mingi na kamera. Mara ukungu, mara moshi, mara jua limezama kimya kimya kama mgeni asiyeaga.

Basi mwaka wa pili wa ugonjwa wake, mwezi wa tano ukielekea kwisha, alianza kunionyesha begi la kamera. Nilidhani anataka lifutwe vumbi, nikalifuta. Akaonyesha tena. Nikamletea kamera mapajani, akaishika kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa. Ilichukua siku kadhaa kupata neno. Lilipotoka lilitoka zima.

"Ukingoni," akasema.

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kwa upole, kisha bila upole, kwamba kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga wa Mnyambe, kwamba studio haiwezi kufungwa, kwamba kule juu mwezi wa sita ni baridi na kifua chake hakifai. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema tena ukingoni.

Aliyeamua jambo hilo alikuwa wifi yangu, dada yake mkubwa, mjane anayelima mikorosho yake mwenyewe Mnyambe. Alishuka Masasi kumsalimia mdogo wake, akanikuta nimelala nimeketi, kichwa kwenye ukuta wa jiko, chungu kikiungua mbele yangu. Hakuniamsha. Aliondoa chungu, akamlisha ndugu yake, akaosha vyombo. Nilipofumbua macho niliona aibu, nikaanza kumwamkia na kuomba radhi kwa pamoja. Aliitikia marahaba, akasema tutapanda wote watatu kesho kutwa, na kwamba mchanga wa Mnyambe yeye anaujua, atautandikia mbao.

Nilikubali. Watu walidhani nilikubali kwa ajili ya ile picha. Nilikubali kwa sababu wifi alisema nyumba yake ina chumba cha nyuma ambacho jua haliingii asubuhi.

Tulipanda kwa gari la jirani. Tulikuta Mnyambe kila mtu yuko kwenye mikorosho, maana huo ndio msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya kukinga maua ya korosho. Toka alfajiri mashine zinanguruma, na vumbi la njano linapanda juu ya miti na kukaa hewani, macho yanawasha, hata chai inapata ladha yake. Wifi mwenyewe alikuwa akijifunga kanga usoni, akabeba mashine mgongoni, akarudi saa za chai nyusi zake zote za njano. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, na bado alipofika alichukua ndoo akateka maji kwenye kisima chake cha maji ya mvua ili ndugu yake aogeshwe kwanza. Kule juu maji ni kitu cha kuheshimiwa. Nilijifunza kuogesha mtu mzima kwa maji kidogo kuliko nilivyodhani inawezekana.

Ukingo wenyewe hauko mbali na nyumba. Unapita mihogo, unapita mkorosho wa mwisho, kisha hakuna kitu. Udongo unakatika. Chini yako ni makorongo yaliyochimbwa na mvua, mekundu mahali pengine na meupe pengine, vichaka vimeshikilia kingo kwa mizizi, na baada ya hapo tambarare inakwenda hadi macho yanachoka. Mbali kabisa, siku ikiwa safi, utaiona milima ya mawe ya kwetu imesimama kama meno yaliyobaki kinywani.

Wifi alitandika mbao, tukakisukuma kiti hadi pale ambapo mume wangu mwenyewe alionyesha kwa kidole. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaketi kwenye mkeka kando yake.

Jioni ya kwanza ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukatufunika, hatukuona hata mihogo. Jioni ya pili hapakuwa na wingu hata moja, na salfa ilikuwa imetanda chini kama maziwa yaliyoharibika, jua likaingia humo likawa duara la rangi ya chungwa, likapotea. Nilidhani ni pazuri. Niligusa kitufe. Mume wangu alinipiga kofi mkononi, si kwa nguvu, kama mtu anavyomzuia mtoto asidokoe chakula.

Kati ya jioni na jioni, nilichokuwa nimekuja kukipata sikukipata. Ugeni haukunipa usingizi. Kila alipokohoa niliamka, na mchana wifi alipokuwa shambani nilikuwa naye peke yangu tena, kama Masasi, ila sasa bila vitu vyangu. Alikataa ugali wa muhogo, alikataa ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo wifi alituchemshia makusudi kwa kuwa aliipenda tangu utotoni. Alitaka jioni tu. Ikifika saa kumi anaanza kuniangalia, kisha kuangalia mlango.

Siku moja mawingu yalikusanyika toka mchana, mazito, ya baridi. Nilijua hakutakuwa na kitu. Nilimwambia leo tupumzike. Akaangalia mlango. Nikakisukuma kiti, gurudumu likatoka kwenye ubao likazama mchangani, nikavuta, likazama zaidi. Nikapiga magoti nikafukua mchanga kwa mikono. Kucha yangu moja ikang'oka nusu. Nilipoinua kichwa alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mbinguni.

Nilikilazimisha kiti mpaka kikatoka, tukafika ukingoni, nikafunga breki. Nikakaa chini kabisa, si kwenye mkeka, kwenye udongo. Nikamwambia nimechoka. Sikupaza sauti. Nikasema nimechoka kuamka, nimechoka kunyanyua, nimechoka kuulizwa mgonjwa anaendeleaje na watu ambao hawaniulizi mimi naendeleaje. Nikasema jua nimeliona maisha yangu yote, likichomoza na likizama, na halijawahi kuninyanyulia ndoo.

Alikaa muda mrefu akitafuta. Nilishazoea kuona akitafuta neno, midomo ikienda upande mmoja, jicho la kulia likitoa machozi yasiyo ya kilio. Safari hii sikumsaidia kulipata.

"Umechoka na mimi?" akauliza.

Ilikuwa sentensi nzima ya kwanza niliyoisikia kwake tangu alipoanguka.

"Ndiyo," nikasema. "Leo, ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyomwitikia fundi aliyempa bei ya haki. Kisha akasema, "Na mimi." Sikujua anamaanisha amechoka na mimi, au amechoka na yeye mwenyewe. Sikuuliza. Upepo ulikuwa baridi, nikasimama nikamfunika blanketi kwa sababu mkono wangu umeshazoea kufanya hivyo hata moyo ukiwa haupo.

Niliona blanketi likigeuka rangi kwanza. Lilikuwa la kijivu, likawa kama limemwagiwa chai. Nikageuka. Kule chini, kati ya wingu na nchi, palikuwa pamefunguka mwanya mwembamba, na jua limeingia humo. Mwanga ulikuja kwa ulalo juu ya tambarare yote, ukapanda makorongo toka chini kwenda juu. Kila ukuta wa udongo ulishika moto mmoja baada ya mwingine. Penye udongo mwekundu pakawa kama kaa lililopulizwa, penye udongo mweupe pakawa pinki, na ndani ya kila ufa kulikuwa na kivuli cheusi kama wino. Nyuma yetu, juu ya mikorosho, mbingu ilikuwa nzito ya buluu karibu na weusi, na miti imesimama mbele yake inang'aa kana kwamba inaungua bila kuteketea. Vumbi la salfa lililobaki hewani liligeuka chembe za dhahabu zinazoelea mbele ya macho yetu.

Aliinua vidole vya mkono wa kushoto. Nilielewa. Alikuwa akinielekeza kamera kama alivyonifundisha zamani studioni, kidole kimoja juu, punguza mwanga, vidole viwili pembeni, sogeza jua litoke katikati. Nikapunguza. Nikasogeza. Akafunga ngumi, nikapiga. Akafungua, nikangoja. Ile kucha ilikuwa ikidondosha damu kwenye stendi. Nilipiga picha nyingi kadiri nilivyoweza.

Wifi alikuwa bado kwenye mikorosho ya karibu. Alizima mashine, nikasikia kimya chake kabla sijamwona. Alikuja akasimama nasi, kanga usoni, mwili mzima wa njano ndani ya ule mwanga. Sikumsikia akisema ni pazuri. Alisema jua likifanya hivi umande wa usiku huwa mwingi, na kwamba asubuhi salfa itashika majani vizuri. Lakini hakuondoka mpaka likazima.

Lilizima mara moja. Wingu lilifunga ule mwanya, na makorongo yakarudi kuwa udongo.

Niliitoa kamera nikamwekea mapajani, nikambonyezea picha mojamoja kwenye kioo cha nyuma. Alizitazama kwa makini, akinirudisha, akinipeleka mbele. Mimi nilizitazama kupitia bega lake, nikaona ni nzuri. Hata leo nasema ni nzuri. Nilingoja aseme.

"Si yenyewe," akasema.

Wifi alicheka, akasema huyu tangu mtoto alikuwa hivi. Mimi sikucheka, na sikukasirika pia. Nilikalia ule ubao nikaanza kulia, na kilio chenyewe hakikuwa cha picha. Wifi alinitazama kidogo. Akasema sasa nenda ukalale, huyu namrudisha mimi. Nikaanza kueleza kuhusu dawa zake za jioni na namna ya kumgeuza. Akaniambia kwamba mtoto huyu ni yeye aliyembeba mgongoni, kabla mimi sijazaliwa.

Nililala chumba cha nyuma hadi jua likawa juu kabisa. Nilipotoka nilimkuta mume wangu uani amenyolewa ndevu, anakula ming'oko kwa mkono wa kushoto. Wifi aliniketisha. Alisema msimu wa kuokota korosho bado uko mbali, na yeye yuko peke yake katika nyumba kubwa. Alisema nimwache hapa. Nirudi Masasi nifungue studio, nilale, nije Jumapili nikiweza. Nilimgeukia mume wangu nikitaka akatae ili na mimi nikatae. Alimeza kwanza.

"Nenda," akasema, na mdomo wake ukajaribu tabasamu kwa upande ule unaoweza.

Nilirudi peke yangu. Maneno yalinitangulia. Kuna waliosema nimemtelekeza mgonjwa kwa mjane mzee, kuna waliosema studio imekuwa mume. Mama mmoja wa kanisani, ambaye alikuwa amemuuguza mumewe hadi kaburini, alinishika mkono mlangoni baada ya ibada, akaniambia nisijibu mtu. Sikujibu. Wiki ya kwanza niliamka kila alfajiri kumnyoosha mkono mtu ambaye hayupo. Nilikaa kitandani hadi kukapambazuka, nikinywa chai bila kusimama.

Kila Jumapili niliyoweza nilipanda Mnyambe na betri zilizojaa. Wifi alikuwa amepata namna ya kufunga stendi kwenye mkono wa kiti, na mume wangu alikuwa akipiga mwenyewe kwa kidole gumba cha kushoto. Picha nyingi zilikuwa zimetikisika. Nyingine zilikuwa za blanketi tu, au za mgongo wa dada yake akienda shambani. Tulikaa tukazipitia pamoja, na nilimsikia akiongea zaidi kuliko alivyoongea Masasi. Tuligombana kuhusu ipi ifutwe. Siku moja nilitambua kwamba nimekaa naye mchana mzima bila kutazama saa, wala kumfikiria kama kazi.

Korosho zilipoanza kudondoka wifi akahitaji mikono yake yote, nikamrudisha mume wangu Masasi. Sasa tumepanga hivyo, miezi ya salfa yuko kwa dada yake, miezi mingine kwangu. Mguu wake haukurudi, na daktari hakutudanganya kwamba utarudi. Mimi bado nachoka. Wiki hii kuna misiba miwili na harusi, na jana usiku alikohoa sana. Leo asubuhi, kabla sijafungua studio, alinitaka nimsogeze dirishani, nikamwambia angoje nimalize uji wangu kwanza. Alingoja.